Roho, kufa na kuzaliwa tena: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoanza kuijadili mada hii

Mada ya roho ikianza haishi, iwe kwenye kahawa ya jioni, iwe msibani usiku watu wakisubiri mazishi ya kesho, na mara nyingi inaishia kwa watu kununiana wakati kila mtu alikuwa anapigana na kitu ambacho mwenzake hajasema. Hilo ndo linaniuma, kwa sababu hii mada ni tamu na ni nzito, inahusu wafu wetu. Kwa hiyo nimeandika hapa majibu ya maswali yanayorudi kila mara, nikiwafikiria zaidi wale wanaoanza.

Kwanza tuelewane, kuzaliwa tena ni nini?

Ni imani kwamba mtu akifa, kitu fulani chake kinarudi duniani katika mwili mwingine. Sio ufufuo, maana ufufuo ni mwili uleule kuinuliwa siku ya mwisho. Sio mzuka, sio kupandisha mashetani. Na sio wokovu, hapa panachanganya sana manake ukimwambia mlokole "kuzaliwa tena" yeye anawaza Nikodemo na ubatizo, unaweza kubishana naye nusu saa nzima mko mada mbili tofauti.

Wahindi wote si wanaamini hivyo?

Hapana, na hili kosa kwetu ni la kila siku. Wahindi wengi tunaoishi nao Dar, Zanzibar, Mombasa, Kampala ni Waislamu, Ismailia, Bohora, Ithnaasheri, na Wagoa wengi ni Wakatoliki. Hao wote wanasubiri kiyama kama jirani yako. Wanaoamini kuzaliwa tena ni Wahindu, Wajaini na Masingasinga, kwa hiyo kabla hujamuuliza mwenye duka "eti we ulikuwa nani zamani" jua kwanza ni nani unaongea naye.

Na hao wanaoamini nao hawaamini kitu kimoja. Wahindu wengi wanasema ndani ya mtu kuna atman, kitu kisichozaliwa wala kufa, na Bhagavad Gita sura ya 2 inasema kinavua miili iliyochakaa na kuvaa mipya kama mtu anavyobadilisha nguo. Wajaini wanasema kila kiumbe kina roho, hadi vijidudu, ndo maana mtawa wa Kijaini anafunika mdomo kwa kitambaa na kufagia njia anayopita asije akakanyaga kiumbe. Kwa wote hao, kurudi duniani sio zawadi! Watu wengi wa kwetu wanadhani Mhindu anafurahia kwamba atarudi, kumbe shabaha yake ni kutoka kwenye huo mzunguko kabisa, asizaliwe tena, huko kutoka wanakuita moksha. Ukilielewa hilo moja tu nusu ya ubishi unakwisha.

Na Wabudha?

Hapa ndo patamu. Buddha alifundisha kwamba hakuna roho ya kudumu ndani ya mtu, na papo hapo akafundisha kwamba kuna kuzaliwa tena. Swali la kwanza la kila mtu ni lilelile, sasa kinachozaliwa ni nini? Na sio swali jipya, mfalme Menander, Mgiriki aliyetawala kaskazini magharibi ya India zaidi ya miaka 2000 iliyopita, kwenye maandiko ya Kibudha ndo anamuuliza mtawa Nagasena. Mtawa akamjibu kwa swali, mtu akiwasha taa kwa moto wa taa nyingine, je moto umehama kutoka taa moja kwenda nyingine? Mfalme akasema hapana. Basi ndo hivyohivyo, sababu inaendelea lakini hakuna kitu kilichobebwa kikapelekwa.

Unaweza usikubaliane naye, mi mwenyewe naona linabaki swali gumu la nani anavuna alichopanda nani. Ila huwezi kumpinga Mbudha kwa kumwambia "roho haiwezi kuhama", kwa sababu yeye hajasema inahama.

Mbona basi Dalai Lama anatafutwa kama mtoto aliyerudi?

Hiyo ni mila ya Wabudha wa Tibet, na Dalai Lama ndo kiongozi wao mkuu wa kiroho, walimu wakubwa wanaaminika kurudi kwa hiari ili waendelee kusaidia watu. Dalai Lama wa 13 alifariki 1933, na huyu wa sasa, Tenzin Gyatso, alizaliwa 1935, wakampata akiwa na miaka kama miwili hivi, wakamwekea vitu vya marehemu vikiwa vimechanganywa na vya watu wengine, inasimuliwa akachagua vya marehemu. Siku hizi jambo lenyewe limekuwa siasa, 2007 serikali ya China ilitoa kanuni kwamba kurudi kwa walimu wa aina hiyo kunahitaji kibali chake, na Julai 2025, akikaribia kutimiza miaka 90, Dalai Lama akatangaza kwamba cheo kitaendelea na kwamba mfuko wake wa Gaden Phodrang ndo peke yake wenye mamlaka ya kumtambua atakayefuata.

Si mambo ya Asia tu hayo? Sisi Waafrika yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana, na mi hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote.

Angalia tunavyopeana majina. Mama anamwita mtoto wake wa kiume wa miaka mitatu "baba, njoo ule", kwa sababu mtoto kapewa jina la baba yake mzazi, na shangazi akija anamsalimia huyo mtoto kwa heshima yote kama anamsalimia mzee. Wakikuyu wana utaratibu kabisa, mtoto wa kiume wa kwanza ni jina la babu wa upande wa baba, wa pili babu wa upande wa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi. Kwa Wajaluo, mtoto mchanga akilia sana usiku bila ugonjwa wazee walikuwa wanataja majina ya waliotangulia moja moja, akinyamaza kwenye jina fulani basi huyo ndo aliyetaka kuitwa. Nenda Nigeria utakutana na kina Babatunde kila kona, na kwa Wayoruba jina hilo linasema wazi kwamba baba amerudi, na Yetunde kwamba mama amerudi.

Sasa je, hiyo ni imani ileile ya Wahindu? Hapa watu wanakosea pande zote mbili. Mchungaji na msomi wa Kenya John Mbiti, kwenye kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliandika kwamba kinachorudi kwa Waafrika ni sehemu tu, sura, tabia, alama ya mwilini, wakati marehemu mwenyewe bado yuko huko kwa mizimu na bado anamwagiwa kinywaji chini. Kwa Waigbo mzee mmoja anaweza kuaminika amerudi kwa wajukuu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, kitu ambacho kwa Mhindu hakiingii akilini. Halafu kurudi kwetu ni jambo la heri, ni ukoo kuendelea, hakuna hukumu ya dhambi za zamani ndani yake, na hakuna anayetaka kuukimbia mzunguko. Kwa hiyo akitokea mtu anasema Waafrika hatujawahi kuwa na wazo hili, mwambie sio kweli, na akitokea mwingine anasema ni lilelile la India tumeibiwa, mwambie naye asome.

Biblia inasemaje? Eliya si alirudi kama Yohana?

Aya zinazoletwa ni zilezile, bora uzijue zote kabla hujafungua mdomo. Wanaotetea wanaleta Mathayo 11:14, Yesu anasema Yohana ndiye Eliya atakayekuja, na Yohana 9:2 pale wanafunzi wanamuuliza Yesu kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Na swali lao ni zuri, kama kazaliwa kipofu alitenda dhambi lini?

Wanaopinga wanaleta Waebrania 9:27, mtu anakufa mara moja na baada ya hapo hukumu. Wanaleta Luka 1:17, kwamba Yohana atatangulia katika roho na nguvu ya Eliya, yaani kwa aina ileile ya kazi, na Yohana 1:21 mwenyewe anaulizwa wewe ni Eliya? Anajibu siye. Tena Eliya kwenye Biblia hakufa, alipaa. Na kuhusu kipofu, jibu la Yesu linakataa mlango wote, anasema sio yeye wala wazazi wake. Kwa maoni yangu ukisoma bila kulazimisha, Biblia haifundishi kuzaliwa tena, na Mkristo anayeshikilia hivyo ana haki ya kushikilia.

Kuna hii nyingine inayosambaa sana, kwamba kanisa lilifuta mafundisho ya kuzaliwa tena kwenye Biblia mwaka 553. Sio kweli. Mwaka 553 ulifanyika mtaguso wa Constantinople, na mafundisho yanayohusishwa na Origen, mwalimu wa Alexandria aliyekufa miaka 300 nyuma, yakalaaniwa, hasa lile la roho kuwepo kabla ya mwili. Kuwepo kabla ni kitu kimoja, kurudi kwenye mwili mwingine ni kitu kingine, na Origen huyohuyo akifafanua Mathayo alisema wazi kuhama kwa roho sio fundisho la kanisa. Halafu nakala za Biblia za karne ya 4, kama ile ya Sinai na ile ya Vatikani, zipo mpaka leo, zimeandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya huo mtaguso na hazina hizo aya zinazodaiwa kufutwa. Atakayekuletea hii mwambie akuonyeshe ilikuwa kitabu gani sura ya ngapi.

Na Uislamu?

Msimamo wa Waislamu kwa ujumla uko wazi, Suratul Muuminun aya ya 99 na 100, mtu akifikiwa na mauti anaomba arudishwe akatende mema, anaambiwa hapana, na mbele yao kuna barzakh, yaani kizuizi, mpaka siku ya kufufuliwa. Na kuhusu roho yenyewe ni nini, Suratul Israa aya ya 85 inasema roho ni katika mambo ya Mola, na watu hawakupewa elimu ila kidogo. Mi naiheshimu sana hiyo aya, inamfundisha mtu wapi pa kusimama.

Wapo Wadruzi wa Lebanon, Syria na Israel, jamii iliyoanzia Misri ya Wafatimi karne ya 11, wao wanaamini kuzaliwa tena moja kwa moja, Mdruzi akifa anazaliwa papo hapo kwa Wadruzi, binadamu kwa binadamu. Ila usiwatumie kumwonyesha Muislamu kwamba Uislamu unakubali, maana wana njia yao na Waislamu wengi hawawahesabu kuwa ni wenzao.

Kuna ushahidi wowote wa kisayansi?

Kuna utafiti, na ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Daktari wa magonjwa ya akili Ian Stevenson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kufuatilia watoto wanaosema wanakumbuka maisha mengine, India, Sri Lanka, Lebanon, Uturuki, hadi kwa Waigbo wa Nigeria. Alifariki 2007 akiwa ameacha mafaili zaidi ya 2,500. Pesa nyingi za mwanzo zilitoka kwa Chester Carlson, yule aliyegundua mashine ya kutolea kopi. Watoto hao kwa kawaida wanaanza kusema wakiwa na miaka miwili hadi minne hivi, wakifika sita au saba wanaacha na wengi wanasahau, na mara nyingi mtu wanayemtaja alikufa kifo cha ghafla au cha kuuawa. Wengine wana alama mwilini pale marehemu alipojeruhiwa.

Sasa usikimbilie kusherehekea, na we wa upande wa pili usikimbilie kucheka. Udhaifu upo na ni wa kweli. Kesi nyingi zimetoka kwenye jamii ambazo tayari zinaamini, na ukoo uliofiwa unataka sana iwe kweli, yeyote aliyezika mtoto analielewa hilo bila kuambiwa. Mkalimani anaweza kunyoosha maneno. Na kubwa kuliko yote, mara nyingi familia mbili zinakuwa zimeshakutana kabla mtafiti hajafika, kwa hiyo alichosema mtoto mwanzoni na alichokisikia baadaye vinachanganyika. Chukua kesi maarufu ya Shanti Devi wa Delhi, aliyezaliwa 1926 na kusema yeye alikuwa mke wa mtu wa Mathura aliyefariki 1925 baada ya kujifungua. Iliundwa kamati, Gandhi mwenyewe akihusika, na ikamkubali, lakini huyo mume alikuwa ameshakuja Delhi kumwona kabla kamati haijaanza kazi. Zipo kesi chache ambazo Stevenson aliwahi, kama ya mtoto wa Kidruzi wa kijiji cha Kornayel, Lebanon, 1964, ambapo aliandika maneno ya mtoto kabla familia hazijakutana, na hizo ndo za kubishania.

Stevenson mwenyewe hakusema amethibitisha. Kitabu chake cha 1966 kinaongelea kesi ishirini zinazoashiria tu. Tuseme na sisi hivyohivyo, zinaashiria, na tubishane zinaashiria nini.

Nikilazwa usingizi wa kuongozwa (hipnosi) naweza kukumbuka nilikuwa nani?

Usiamini. 1952 huko Colorado mwanamke mmoja akiwa kwenye hali hiyo alianza kusema yeye ni Bridey Murphy, mwanamke wa Ireland wa karne ya 19, kitabu kikatoka 1956, kikavuma dunia nzima, baadaye waandishi wa habari wakakuta kwamba utotoni Chicago ng'ambo ya barabara aliishi mama wa asili ya Ireland aliyeitwa Bridie Murphy kabla ya kuolewa. Akili ikiongozwa namna ile inashona hadithi kwa vipande ilivyookota, na mwenyewe anaona ni kumbukumbu kabisa.

Roho ina uzito wa gramu 21, kweli?

Hapana. Imetoka kwa daktari Duncan MacDougall wa Massachusetts, alichapisha 1907. Wagonjwa sita tu, wawili kati yao matokeo aliyaweka kando mwenyewe, na hizo gramu 21 ni za mtu mmoja. Huwezi kujenga roho ya wanadamu wote kwa mizani ya mgonjwa mmoja.

Mahali sijawahi kufika nikahisi nilishafika, ni maisha ya zamani?

Inatokea kwa watu wengi sana, hasa vijana na mtu akiwa amechoka, na wenye kifafa cha aina fulani inawapata kabla ya kuzidiwa, kwa hiyo inaelekea ni ubongo.

Watu wameongezeka mpaka bilioni 8, roho zote zimetoka wapi?

Swali zuri na la zamani, mwandishi wa Kikristo Tertullian wa Carthage aliliuliza karibu miaka 1800 iliyopita. Ila jibu linategemea unamuuliza nani, na hapa ndo utaona faida ya kujua. Mhindu na Mjaini hawasumbuki, kwao roho ziko pia kwa wanyama na viumbe visivyohesabika. Mbudha haongelei roho kabisa. Linambana Mdruzi zaidi, kwa sababu kwake ni binadamu kwa binadamu papo hapo. Swali linalombana kila mtu kwa maoni yangu ni la kumbukumbu, lile la mwanafalsafa John Locke, aliyeliandika 1694, kama sikumbuki chochote cha huyo aliyekufa, kwa maana gani yule ni mimi?

Karma si inaeleza kwa nini wengine wanazaliwa na ulemavu au umaskini?

Hapa nitasema kwa uchungu. Unaweza kujadili karma, yaani kwamba mtu anavuna matendo yake hata ya maisha yaliyopita, kama fundisho, lina heshima yake, limewasaidia mamilioni ya watu kuona kwamba dunia ina haki na kwamba matendo yana uzito. Lakini usimwambie mama mwenye mtoto mlemavu kwamba mtoto analipa. Usimwambie kabisa. 1999 kocha wa timu ya taifa ya England, Glenn Hoddle, alipoteza kazi baada ya gazeti kumnukuu akisema mambo ya namna hiyo kuhusu walemavu, pamoja na kujitetea kwamba hakueleweka. Na India kwenyewe waliolia zaidi ni wale waliowekwa chini kabisa ya matabaka, walioambiwa karne kwa karne kwamba wanastahili walipo kwa sababu ya maisha yaliyopita. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kuandikwa kwa katiba ya India na mwenyewe akitoka tabaka hilo, alilikataa fundisho hilo hadharani, na Oktoba 1956 pale Nagpur akaingia Ubudha pamoja na watu laki kadhaa.

Wahindu wengi tu watakwambia karma inakuhusu wewe na matendo yako ya leo, sio fimbo ya kumchapia mwenzio. Wasikilize hao. Na sisi tusijione wasafi, mangapi tumesema kuhusu laana ya ukoo kwa mtu aliyelala kitandani anaumwa?

Mi mgeni kwenye mijadala hii, nianzeje bila kuonekana nimekuja kutukana dini za watu?

Sikiliza kwanza, hata siku nzima ipite hujasema kitu hakuna atakayekulaumu. Ukitaka kupinga, rudia hoja ya mwenzio mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema, halafu ndo upinge, wazee wetu hawakuwa wajinga waliposema asiyejua maana haambiwi maana, ila mwenye kuuliza ataambiwa. Usimlazimishe mtu aeleze imani yote ya dini yake, yeye sio msemaji wao. Umri nao tuuheshimu, akiwepo mzee anza na shikamoo kisha ubishe hoja, hajakatazwa kubishiwa. Sema wazi kama unaongea kwa andiko, kwa utafiti au kwa unavyoona, maana ugomvi mwingi ni mtu analeta aya kwa mtu anayeomba vipimo, na mwingine analeta vipimo kwa mtu anayesali. Na akiwepo aliyefiwa juzi, acha ushindi. Siku yake akitaka kuongea ataongea.

Mtoto wangu wa miaka mitatu anasema ana mama mwingine na nyumba nyingine, nifanye nini?

Usimpige na usimpeleke kuombewa kwa kelele. Muulize kwa upole maswali ya wazi, "halafu?", "ikawaje?", usimtajie majina wala mahali maana mtoto ataokota kila unachomwekea mdomoni. Andika anachosema na tarehe, kwa maneno yake, siku hiyohiyo, na usianze kuzunguka kutafuta hiyo familia nyingine, ukiwapata utakuwa umeharibu ushahidi na unaweza kuamsha kilio kwa watu waliokuwa wamepoa. Watoto wa umri huo wanachanganya ndoto, hadithi za dada wa kazi na katuni, kwa hiyo mara nyingi ni hilo tu. Akiwa anashtuka usiku, anaogopa, hataki kula, mpeleke kwa daktari wa watoto. Vinginevyo mwache aseme, mpe chakula, mkumbushe mama yake wa sasa ni wewe na unampenda, akianza shule mengi yatakuwa yamepita.